Sura ya Tano: Kupima Kabla ya Kufungua

Mtu aliyenunua Datsun 240Z iliyolala bandani miaka mingi, akaikokota mpaka nyumbani kwake kwa nia ya kuihuisha, aghalabu hunijia na shtaka lile lile: kwamba gari huwaka vizuri asubuhi, hukimbia mwendo wa robo saa, kisha likipata joto hukata moto ghafula, na likiachwa likapoa huwaka tena kana kwamba halikuwa na dhara lolote, na kwamba yeye, kwa kuona hivyo, ameshaagiza kabureta mbili mpya. Nikimwuliza alipima nini kabla ya kutoa fedha zake, jibu huwa kwamba hakupima kitu. Ni kwa ajili ya jibu hilo nimeandika sura hii.

Gari lenyewe halihitaji kujulishwa sana. Lilitoka Japani mwaka 1969, kwao likiitwa Fairlady Z, lina silinda sita katika safu moja, na injini ya sentimita za ujazo 2,393 inayonyweshwa na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata mtindo wa SU wa Kiingereza. Wasomaji wa Afrika Mashariki hulikumbuka kwa mbio za Safari, walizoshinda nalo Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971, na tena Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews mwaka 1973, mwaka ambao Mehta na Harry Källström walimaliza kwa hesabu sawa hata ikabidi kanuni ndiyo iamue. Ushindi huo umezaa dhana kwamba gari hili haliharibiki. Magari yale yalitayarishwa na kampuni, yakatiwa nguvu kila kiungo, na yakafuatwa na mafundi njia nzima. Lako limelala chini ya turubai, na bati lake limeliwa na kutu chini ya betri na sakafuni. Chukua sumaku, uipitishe juu ya rangi kabla ya kununua; isiponata, ujue chini yake kuna puti, wala si bati.

Nilikusudia kuigawa sura hii mafungu matatu, yaani moto, mafuta na hewa, kwa kuwa injini haitaki jambo jingine kubwa zaidi ya hayo. Walakini sharti kwanza niondoe takataka mlangoni. Wako watu, nao si wajinga katika mambo mengine, wanaobana bomba la petroli kwa vibanio vya nguo vya mti, wakisadiki kwamba mti huo unaizuia petroli isichemke. Wako wanaomimina katika tangi dawa za chupa zenye picha ya simba. Wako wasiothubutu kuiweka betri juu ya sakafu ya saruji wasije wakaifisha, ilhali betri ya leo, yenye ganda la plastiki, hupungua nguvu popote iwekwapo, iwe juu ya saruji au juu ya zulia. Na wako mafundi wetu, tangu Mombasa hata Dar es Salaam, ambao kitu cha kwanza wanachofanya ni kung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Kumbe injini iliundwa ifanye kazi katika joto la karibu nyuzi 80, na ikikaa chini ya hapo hula mafuta bure na kuchakaa upesi, hali rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo mkosaji hasa, inabaki palepale imeziba.

Sasa turudi kwa gari linalokata moto likipata joto. Siku litakapokata, usiguse kabureta. Hakikisha kwanza kwamba hakuna petroli iliyomwagika, kisha chomoa katika kofia ya distribyuta ule waya mnene utokao kwenye koili, uushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, uusogeze karibu na chuma cha injini, na mwenzio apige stata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, moto upo, nawe ufuate mafuta. Ukiona cheche hafifu ya manjano, au usipoona kitu, basi mtuhumiwa ni koili au kondensa, vitu viwili vyenye tabia ya kufa vikipata joto na kufufuka vikipoa, na kwa tabia hiyo vimewapatia wauzaji wa kabureta riziki nyingi. Moto ukiwapo, tazama chujio na tangi, kwa sababu tangi lililokaa muda mrefu lina kutu ndani, na magamba yake huvutwa na petroli mpaka kwenye mdomo wa bomba yakauziba. Gari likisimama, magamba huanguka, na gari huwaka, na mwenyewe huapa kwamba petroli ilichemka. Sikatai kwamba petroli huweza kugeuka mvuke katika bomba lipitalo karibu na injini. Ninachokataa ni kuliamini jambo hilo kabla ya kuitazama cheche.

Na maadamu tumetaja umeme, siwezi kupita pasipo kusema habari za taa kubwa za gari hili, ambazo wenyewe husema ni hafifu kwa asili. Si kweli. Mkondo wote wa taa hupita katika swichi ndogo iliyo kwenye shina la usukani, pasipo rilei, ukivuka viungo ambavyo kwa miaka hamsini vimeota ukungu wa kijani. Tuseme taa mbili za wati 55 kila moja, ambazo huvuta karibu ampea 9. Viungo hivyo vikiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, volti 1.8 hupotea njiani, na wati 16 hugeuka joto ndani ya plastiki ya swichi, ndiyo maana huyeyuka. Na kwa kuwa mwanga wa taa hushuka upesi kuliko volti, upotevu huo wa sehemu chini ya sita moja hukunyang'anya mwanga kama asilimia 40.

Wala usiupime ukinzani huo taa zikiwa zimezimwa, kama wafanyavyo wengi, kwa maana waya uliokatika nyuzi zake zote ukabakiwa na uzi mmoja huonekana mzima mbele ya mita, na udhaifu wake hudhihiri ubebapo mzigo tu. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, na nyingine pale waya chanya uingiapo kwenye taa. Ukisoma zaidi ya nusu volti, safisha viungo kwa msasa, kisha ulete waya mpya toka betri kupitia fyuzi na rilei, swichi ya zamani ibaki kuiamuru rilei tu. Upande wa athi nao upime vivyo hivyo, hasa ikiwa gari limekwisha pakwa rangi mpya, kwani mpaka rangi mwenye juhudi huzipaka hata sehemu ambazo athi ilikuwa ikigusa bati tupu, na gari linalong'aa kama kioo likawa halina taa wala honi.

Mafuta na hewa, basi, itabidi vingojee sura ijayo. Nawe msomaji, kabla hujaagiza kifaa chochote kutoka Japani au Marekani, nunua kwanza mita ya umeme. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya kabureta mbili usizozihitaji.