"Sijambo" Inayomponza Askari

Mswahili hata akiwa na homa, akiulizwa hali hujibu kwanza "sijambo", ndipo aeleze kinachomsumbua. Wapo wazaliwa wa Afrika Mashariki waliovaa sare za jeshi la Marekani, kwa kuwa mkaazi wa kudumu huruhusiwa kujiunga hata kabla ya kupata uraia, na desturi hiyo huingia nao mpaka kwenye chumba cha daktari anayekagua dai la ulemavu. Wala si wao peke yao. Askari wa kila asili wamefunzwa kusema wako sawa. Daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Mtu ambaye hajalala usiku kucha anajibu, "Vizuri tu." Neno hilo huandikwa kwenye ripoti, na baadaye linaweza kumrudia ndani ya barua ya kukataliwa.

Ugonjwa ambao jibu hilo huuficha mara nyingi, yaani msongo unaobaki akilini baada ya kiwewe, uliingizwa kwenye mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Kabla ya hapo uliitwa mshtuko wa makombora, kisha uchovu wa vita, na wengi waliougua walihesabiwa waoga.

Wizara inayoshughulikia askari wa zamani, ambayo wenyewe huiita VA, inataka mambo matatu: daktari athibitishe ugonjwa, pawe na tukio lililotokea wakati wa utumishi, na mtaalamu aunganishe hayo mawili. La kwanza na la tatu ni kazi ya madaktari. Hilo la katikati ndilo linalowatoa watu jasho.

Fomu ya kueleza tukio inauliza lilitokea wapi na lini. Ni maswali ya haki kwa karani, lakini kwa mgonjwa ni mtihani mgumu. Kiwewe hakihifadhi kumbukumbu kwa mpangilio wa kalenda. Mtu anaweza kukumbuka harufu ya dizeli na kiatu kimoja kilichobaki barabarani, asikumbuke ulikuwa mwezi gani. Na kumbukumbu za serikali nazo zina mapengo. Mwezi Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 katika hifadhi ya St. Louis, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi kati ya 1912 na 1960. Wazee wa vita vya Korea walijikuta wakidaiwa karatasi zilizokwisha kuwa majivu mikononi mwa serikali yenyewe.

Aliyepigana mstari wa mbele alikuwa na nafuu, kwani sheria inaukubali ushahidi wake mwenyewe ukilingana na mazingira ya vita alivyovipigana. Aliyeumia zaidi ni dereva wa lori, mpishi au fundi, ambaye kazi yake haikuitwa vita ingawa makombora yaliangukia kambi yake usiku. Kanuni ilibadilishwa Julai 2010. Tangu hapo, hofu ya kushambuliwa na adui au magaidi inatosha kuwa tukio, na maneno ya askari yanakubaliwa yakiendana na mahali na mazingira aliyotumikia. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Lakini iliweka sharti kwamba mtaalamu wa akili wa VA, au aliyepewa kazi na VA, ndiye athibitishe. Kwa maoni yangu hapo ilipungua, kwa sababu daktari aliyemtibu mtu kwa miaka anamjua kuliko anayemwona mara moja.

Waliobakwa au kudhalilishwa kingono jeshini wana njia yao, na ni muhimu waijue, kwa sababu wengi hawakuripoti. Kanuni inakubali alama za pembeni: ombi la ghafla la kuhamishwa, kazi iliyodorora bila sababu, kuanza ulevi, kipimo cha ujauzito, au maelezo ya ndugu na wenzao wa chumba kimoja.

Maelezo ya ndugu yanawasaidia wadai wote, ila yaeleze yaliyoonekana kwa macho. "Mume wangu ana wasiwasi mwingi" haimpi afisa kitu cha kushika. "Tangu arudi analala sebuleni, kiti kimeegemezwa mlangoni, siku ya harusi ya dada yake alikaa ndani ya gari" inampa picha. Kinachopimwa katika kupanga asilimia ya ulemavu ni jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi na mahusiano. Ukali wa tukio hauongezi asilimia. Ngazi ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, na dalili zilizoandikwa kwenye kila ngazi ni mifano tu, hivyo asiyekuwa nazo zote asikate tamaa. Tofauti ya fedha ni kubwa: mwaka 2025, asiye na wategemezi alipata takriban dola 175 kwa mwezi kwa asilimia 10, na zaidi ya dola 3,800 kwa asilimia 100.

Ndiyo maana nasema: mbele ya daktari, eleza siku zako mbaya zilivyo na zinakujia mara ngapi. Usiongeze, usipunguze. Kusema ukweli wote si kulalamika. Tena sheria yenyewe inaagiza kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribiana uzito, shaka iamuliwe kwa manufaa ya askari.

Dai likikataliwa, tangu Februari 2019 kuna njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu aliangalie upya, au kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa ya VA. Vyama vya askari wa zamani husaidia kuandaa dai bila malipo, na sheria hairuhusu mtu kutozwa ada kwa kuandaliwa dai la kwanza. Barua ya uamuzi ina tarehe. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu siku hiyo, ukashinda, malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia dai lako la mwanzo. Ukiipokea, itazame tarehe hiyo kabla ya kuikunja.