Joto la Saa Tisa za Usiku

Nje kuna barafu, hita imezimwa, nawe umekaa kitandani saa tisa za usiku, kanga imelowa jasho. Bwana kajifunika mablanketi mawili na anauliza nani kafungua dirisha. Asubuhi kazini unalisahau jina la mtu uliyefanya naye kazi miaka sita. Wengine wetu tunadhani ni presha, au kijicho cha mtu.

Ukiwa na miaka arobaini na kitu au hamsini, mara nyingi ni homoni. Estrojeni inapungua, na dalili huweza kuanza miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma kabisa. Hapa Uingereza hedhi hukoma kwa wastani kwenye miaka 51, na mwanamke huhesabiwa amekoma akimaliza miezi 12 bila kuona damu. Mama zetu walisema tu "nimekuwa mtu mzima" wakanyamaza. Lakini hili si jambo la wiki mbili: utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba, kati ya wanawake weusi waliokuwa wakipata joto mara kwa mara, nusu yao liliwadumu zaidi ya miaka 10.

Dawa inayotuliza joto na jasho kuliko zote ni tiba ya homoni, ambayo hapa huitwa HRT. Wengi wanaiogopa, na hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2002 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulitangaza kwamba waliotumia vidonge vya homoni mbili walipata saratani ya matiti zaidi. Ni kweli, ila tazama kiasi chake: kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Leo madaktari husema kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti huwa hapewi.

Namna ya kuitumia nayo ina maana. Estrojeni ya kumeza huongeza kidogo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ya kibandiko au jeli ya kupaka, kwa dozi ya kawaida, haijaonekana kuiongeza. Mwenye kizazi lazima apate na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na huweza kuleta saratani. Kuna kitanzi chenye homoni kinachofanya kazi hiyo, na kuna vidonge laini, ambavyo ganda lake huwa na jelatini, kwa hiyo anayejali halali amuulize mfamasia. Tena, kuna mpangilio wa dawa unaorudisha damu kila mwezi. Kwa anayeswali na kufunga hilo si dogo. Mwambie daktari kabla hajaandika. (Estrojeni na projesteroni nyingi za siku hizi hutengenezwa kutokana na mimea, viazi vikuu vikiwemo. Kula viazi vikuu hakusaidii, mwili hauwezi kuvigeuza.)

Asiyetaka homoni, au asiyeruhusiwa, ana njia nyingine. Fezolinetant ni kidonge kinachotuliza sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Ukikitumia ini lako hupimwa kwa damu. Tiba ya mazungumzo iitwayo CBT husaidia usingizi na wasiwasi. Ukavu wa uke, ambao unavunja raha ya ndoa nyingi bila kutajwa, una estrojeni ya kuweka ukeni: dozi ndogo, na ni kidogo sana inayoingia kwenye damu.

Gharama isikuzuie. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za daktari ni bure. England kuna cheti maalumu cha HRT cha chini ya pauni 20 kwa mwaka mzima, ulizia famasia. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima wa kukauka, usisubiri, mpigie daktari wiki hiyo hiyo.

Limebaki la mkalimani. Akina mama wengi huenda kwa GP na mtoto wao wa miaka kumi na nne awatafsirie. Mama atamwambia nini mtoto wa kiume kuhusu ukavu? Husema "kichwa kinauma", na hurudi nyumbani na paracetamol. NHS hutoa mkalimani bila malipo, kwa simu au ana kwa ana. Unapopiga kuweka miadi sema mambo mawili tu: nataka mkalimani wa Kiswahili, na awe mwanamke. Mtoto na aende shule.