Msitu Unaokunywa Mvua ya Mlimani: Mwendo wa Siku Moja kutoka Njoro hadi Mabogini

Mtu atazamaye takwimu za mvua za Mkoa wa Kilimanjaro ana haki ya kushangaa. Mji wa Moshi hupata wastani wa milimita 900 hivi kwa mwaka, na kadiri mtu anavyoteremka kuelekea tambarare za Kahe, mvua huzidi kupungua. Kiasi hicho hutosha mahindi na maharage katika mwaka mzuri, na kwa asili kingeotesha nyasi na migunga. Hata hivyo, kilomita chache tu kusini-mashariki ya mji umesimama Msitu wa Hifadhi wa Rau, wenye ukubwa wa hektari 570 hivi, wenye miti mirefu, mimea itambaayo, mbega na kivuli kizito, mithili ya misitu tuliyozoea kuisoma katika habari za bonde la Kongo. Miti hiyo hupata wapi maji?

Makala haya yanapendekeza kwamba mwalimu awachukue wanafunzi wake wakalitafute jibu kwa miguu, katika mwendo wa siku nzima uanzao Njoro, ukapita ndani ya msitu, na kuishia katika mashamba ya mpunga ya Mabogini. Ruhusa iombwe mapema kwa wahifadhi wa msitu. Vifaa ni vichache: kipimajoto, utepe wa kupimia, kipimapembe, kamba ya mita 40 na daftari. Msimu wa mvua za masika haufai, kwani udongo wa Rau ni mweusi na hunasa viatu.

Safari ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, penye chemchemi. Jina lenyewe la Njoro, ambalo lipo pia karibu na Nakuru nchini Kenya, hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya chemchemi. Wanafunzi wapime joto la maji yanapotoka ardhini, na pembeni wapime joto la hewa. Adhuhuri mmoja wao akirudia vipimo hivyo, ataona kwamba hewa imepanda kwa nyuzi nyingi ilhali maji hayakubadilika, au yamebadilika kidogo mno. Maji hayo hayajui kwamba jua limechomoza. Yamekaa chini ya ardhi muda mrefu, mbali na mabadiliko ya usiku na mchana.

Yalitoka wapi? Ukiwauliza watu mjini, wengi watakuonyesha kilele cheupe. Hapa mwalimu hana budi kusimama kidogo, kwani imani hiyo imeenea hata vitabuni. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki 1.76 tu. Tena kule juu hewa ni kavu na baridi, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Ukanda wa msitu wa mlima, kwa upande mwingine, una eneo linalokaribia kilomita za mraba 1,000, na upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka.

Hesabu ifanywe papo hapo ubaoni, au mchangani. Milimita 2,000 za mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo milioni mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nusu yake hurudi angani kwa mvukizo na kwa kupumua kwa miti. Iliyobaki ni lita bilioni moja kwa mwaka, yaani lita 32 hivi kila sekunde, usiku na mchana, kutoka kilomita moja tu ya mraba ya msitu. Baada ya hesabu hiyo, theluji ya kwenye picha za posta hubaki kuwa pambo.

Mwamba wa volkano nao hufanya kazi yake. Lava imejaa nyufa na matundu, na majivu ya kale hunyonya maji kama sifongo. Maji huzama huko juu, hushuka polepole ndani ya mlima, na penye mguu wa mlima, ardhi inapolala, hukaribia uso wa nchi na kububujika: Njoro, Rau, Miwaleni, na chemchemi za Shiri na Nsere zinywewazo na watu wa Moshi. Wanasayansi wana njia nzuri ya kuthibitisha jambo hili. Oksijeni iliyo ndani ya maji ina isotopu nyepesi na nzito. Wingu linapopanda mlima, ile nzito hutangulia kudondoka na mvua. Hivyo, kwa kupima uwiano wa hizo mbili katika maji ya chemchemi, mtaalamu aweza kukadiria mvua yake ilinyesha katika mwinuko gani.

Kufikia saa tatu kundi liwe ndani ya Rau. Mti wa kwanza kutafutwa ni msoo, ambao wataalamu wa mimea wameuita *Oxystigma msoo*, wakilichukua jina la kienyeji kama lilivyo. Ni mti wa jamii ya kunde, na duniani kote hupatikana Tanzania na Kenya tu. Ndugu zake wanaishi katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Kati yao na Rau kuna nyanda kavu ambazo msoo hauwezi kuzivuka. Penye maji karibu na uso wa ardhi hustawi. Pasipo na maji hayo hauonekani.

Kisha mvule. Wanafunzi wapime mzingo wa shina, halafu kimo: arudi nyuma mmoja hadi kipimapembe kionyeshe nyuzi 45 kuelekea kileleni, umbali kutoka shinani, ukiongezewa kimo cha macho yake, ndio urefu wa mti. Mvule una siri ambayo wapasuaji mbao waijua kwa hasara: ndani ya shina mara nyingine hukutwa jiwe gumu la chokaa livunjalo meno ya msumeno. Mti hutengeneza kalsiamu oksaleti katika tishu zake. Bakteria na kuvu huivunja, na kabonati ya kalsiamu hubaki ndani ya mti na katika udongo unaouzunguka. Hewa ya ukaa imegeuzwa jiwe.

Mtu atauliza umri. Ni swali gumu, na vibao vya watalii hulijibu upesi kupita kiasi. Mahali ambapo maji hayakatiki mwaka mzima, pete za ukuaji huwa hafifu. Hata ule mkukusu mkubwa wa Kilimanjaro, *Entandrophragma excelsum*, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, wa mita 81.5, ulipewa umri wa kukadiriwa tu.

Kazi muhimu kuliko zote za siku hii haina mvuto wa miti mikubwa. Kwa kamba ile, wanafunzi wapige mraba wa mita 10 kwa 10 na kuhesabu miche ya msoo na mvule isiyofika magotini. Mti mzima una mizizi mirefu na huweza kuyafuata maji yakishuka, mche hauwezi. Kwa hiyo maji ya ardhini yakipungua, msitu huweza kuonekana mzima kwa miaka mingi ilhali umekwisha kuacha kuzaa. Mraba huo ukirudiwa kila mwaka mahali pale pale, shule itakuwa na kumbukumbu ya thamani kuliko picha.

Alasiri njia hutoka kivulini ghafla na kuingia kwenye mwanga wa mpunga. Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliyagawa maji ya mito ya Njoro na Rau kwa mashamba ya huku. Ulipangwa kuhudumia hektari 2,300, na 1,100 kati yake ziwe za mpunga. Mavuno yalikuwa mazuri kiasi kwamba wakulima wa juu ya mto nao walichimba majaruba yao, na maji yaliyofika mfereji mkuu yakapungua. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mmoja aliona maji yakipita mbele ya shamba lake. Huko mlimani Wachaga wamegawana maji ya mifongo kwa zamu tangu karne zilizopita, na wanafunzi watokao Old Moshi au Marangu waulizwe jinsi zamu hizo zinavyopangwa kwao.

Ukanda wa msitu wa juu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Rau, iliyo mbali chini, ina mpaka wake peke yake, na maji yake hupita chini ya migomba, nyumba na barabara za mji kabla ya kuifikia. Kwenye lango la mfereji kundi lipime kasi ya maji kwa jani na saa, upana na kina kwa utepe, na kukokotoa lita kwa sekunde. Zilinganishwe na zile 32 za asubuhi. Wenye nguvu bado waweza kurudi Njoro kwa miguu kabla ya magharibi. Waliochoka wapande gari Mabogini.