Madirisha ya zamani mu komini Kenya: kuyatoa ao kuyatengeneza?

Kila mwaka, mwezi wa sita ukifika, baridi inaingia Lubumbashi. Mji uko juu, karibu metre 1200 toka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10. Njo wakati ule watu wa komini Kenya wanaanza kuangalia madirisha yao. Upepo unapita pembeni ya kioo, rido inatikisika, watoto wanakohoa. Fundi akiitwa, mara nyingi jibu lake ni moja: « Mama, hii madirisha ilishakufa. Tutoshe yote, tuweke ya alumini. »

Mbele ya kutoa feza, inafaa kujua dirisha linaleta nini na haliwezi kuleta nini.

Aina za madirisha

Mu lupango za Kenya kuko sana aina tatu. Ya kwanza ni ya chuma, yenye vioo vilivyoshikwa na mastiki. Mengine yako toka wakati mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, ni kusema mbele ya 1966. Ya pili ni naco, yale ya vioo vya kulala vinavyofunguka pamoja. Ya tatu ni ya alumini ya kusukuma. Madirisha ya vioo viwili, kioo juu ya kioo, yanaonekana mara chache, sana mu nyumba mpya za wenye mali.

Hesabu ya Ulaya haiko ya hapa

Vioo viwili vilitengenezwa kwa inchi za baridi kali. Katikati ya vioo kuna hewa ao gazi inayoitwa argoni, imefungwa, na ile njo inazuia joto kutoka. Kioo kimoja kinaachilia joto karibu mara mbili kuliko vioo viwili vya zamani. Mpira wa pembeni ukichoka, unyevu unaingia katikati, na kioo kinakuwa kama chenye ukungu usiopanguswa. Hata pale, mara nyingi wanabadirisha kioo tu, fremu inabaki. Kisha wanahesabu: feza ya kupasha nyumba joto itapunguka ngapi kwa mwaka, na dirisha litajilipa kisha miaka ngapi.

Huku Lubumbashi, hesabu ile haisimame. Watu wengi hawalipe feza ya kupasha nyumba joto, basi hakuna fakitire itakayopunguka. Tena, mu nyumba isiyo na plafoni, joto ya mwezi wa kumi na baridi ya mwezi wa saba vinapita sana mu malata, kuliko mu kioo. Dirisha jipya halitarudisha bei yake. Lazima linunuliwe kwa sababu ingine: kutu imekula chuma, mwizi anaweza kuingia, ao mvua inafika ku kitanda.

Kupima bila kulipa

Siku ya upepo, washa bujia na uipitishe polepole pembeni yote ya dirisha, mbali na rido. Pale moto unalala, hewa inapita. Kama ni kati ya kioo na chuma, ni mastiki imekauka na kupasuka: itoe yote, pangusa, weka ingine. Kama ni kati ya chuma na ukuta, inaomba sima. Ukiweka dirisha jipya bila kuziba pale, upepo utapita vilevile.

Kisha chukua musumari na usukume chini ya fremu, pale maji ya mvua yanalala. Kama kutu iko juu tu, sugua na brosi ya chuma, paka rangi ya kuzuia kutu. Kama musumari unaingia, fundi wa kusude anaweza kukata kipande kile na kuweka kingine. Fremu ikioza pande zote, sasa njo wakati wa kubadirisha.

Mfano wa hesabu

Hizi ni namba za kufundisha tu, haiko bei ya soko. Nyumba iko na madirisha 4. Dirisha jipya ni dola 100: jumla dola 400. Kutengeneza ya zamani ni dola 15 kila moja: jumla dola 60. Kunabaki dola 340. Feza ile inaweza kuanzisha plafoni mu chumba cha kulala, na familia itasikia tofauti zaidi. Omba devi mbili, moja ya kutengeneza na moja ya kubadirisha, kwa mafundi wawili.

Kumbuka tena: dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu. Naco inafunguka karibu yote. Mwezi wa kumi, wakati kipimo kinapita digri 30, ile hewa inahitajika.

Hatari ya kufunga sana

Hapa njo pa kuangalia zaidi ya feza. Usiku wa baridi, kuko wanaoingiza mbabula mu chumba. Makala yanayowaka yanatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Mutu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha analala na haamuke. Dirisha bovu lilikuwa linaachilia hewa kidogo. Dirisha jipya linafunga gazi ndani. Mbabula ibaki inje, hata kama makala yanaonekana kama yamezimika. Matundu ya hewa juu ya madirisha yasizibwe. Weka wavu wa mbu, inatosha.

Kwa mupangaji

Kama nyumba haiko yako, zungumuza kwanza na mwenye lupango. Muandike karatasi, musaini wote wawili: kazi gani, bei gani, na itatolewa ku miezi ngapi ya kodi. Bila karatasi, siku ya kuhama dirisha linabaki, na feza yako nayo inabaki.

Kwa nyumba nyingi za Kenya, mastiki, rangi na sima vije kwanza. Alumini inaweza kungojea mwaka mwingine.