Namna Usalama wa Kuingia katika Seva za Mafaili Unavyopimwa, na Kwa Nini Unawahusu Wananchi wa Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko mbali na Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Kagera, na mbali zaidi na Dodoma. Kwa miaka mingi taarifa za zahanati, orodha za walipakodi na nyaraka za ardhi zilisafirishwa kwa gari zikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Leo sehemu kubwa ya taarifa za aina hiyo hupitia mtandaoni. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga wilayani Ngara, ambako unaiunganisha Tanzania na nchi jirani za Rwanda na Burundi. Bahasha imekuwa faili la kompyuta, na masjala inayolipokea imekuwa seva.

Seva ya kuhamishia mafaili ni kompyuta inayofanya kazi saa zote, ikisubiri watumiaji walioruhusiwa kuweka au kuchukua mafaili. Mtumiaji hujitambulisha kwa jina na nywila, yaani neno la siri. Kwa kuwa seva hiyo imo mtandaoni, anayejaribu kuingia anaweza kuwa Lusahunga au katika bara jingine. Kwa sababu hiyo wataalamu huujaribu wenyewe mlango huo, kwa idhini, kabla hajatokea mwenye nia mbaya wa kuujaribu.

Kinacholindwa

Januari 20, 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 13, 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wakiwamo 2 waliothibitishwa kimaabara na 8 waliohesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huo, na wote walifariki dunia. Katika dharura ya namna hiyo, wahudumu wa afya huandaa orodha za watu waliotangamana na wagonjwa, zenye majina, vijiji na namba za simu. Orodha kama hiyo ikimfikia asiyehusika, familia nzima inaweza kunyanyapaliwa, na mgonjwa mwingine akaogopa kwenda kituoni. Hivyo siri ya mgonjwa ni sehemu ya kinga ya jamii.

Hatari hii imeshuhudiwa kwingineko. Mwezi Machi 2017 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwamba wahalifu walikuwa wakizilenga seva za mafaili za vituo vya tiba na vya meno ambazo ziliruhusu mtu yeyote kuingia bila nywila halisi.

Udhaifu wa mfumo wa zamani

Utaratibu wa kuhamisha mafaili unaofahamika kwa kifupi kama FTP uliandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani. Mtandao wa wakati huo ulikuwa na kompyuta chache, na watumiaji wake walifahamiana. Kwa hiyo jina na nywila vilipita waziwazi, mithili ya barua isiyo na bahasha. Mtu aliyeweza kuchungulia njia yoyote kati ya mtumaji na mpokeaji aliweza kuvisoma.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, alibuni utaratibu uitwao SSH baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na wezi wa nywila. Utaratibu huo hugeuza mawasiliano yote kuwa maandishi yasiyosomeka kwa mpita njia, na juu yake ulijengwa uhamishaji wa mafaili ulio salama zaidi, uitwao SFTP.

Hatua za upimaji

Upimaji huanza kwa hati ya idhini iliyosainiwa na mwenye mfumo, inayotaja seva itakayopimwa, muda, na mbinu zinazoruhusiwa. Baada ya hapo mpimaji hutafuta majibu ya maswali matano.

Kwanza, je, nywila inapita waziwazi au imefichwa? Pili, je, seva inakubali mtu asiyejitambulisha, au bado inatumia nywila iliyowekwa na mtengenezaji? Tatu, je, inafichua majina ya watumiaji? Seva inayojibu kwamba jina fulani halipo humsaidia mvamizi kujua yapi yapo. Jibu sahihi ni moja kwa makosa yote, kwamba kuingia kumeshindikana. Nne, je, inaweka kikomo kwa anayekosea mara nyingi? Tano, je, inaandika kumbukumbu ya kila jaribio, na yuko mtu anayeisoma?

Umuhimu wa swali la nne unaonekana kwa hesabu. Nywila ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Programu inayojaribu mara 10 kwa sekunde huimaliza yote kwa sekunde 1,000, ambazo hazifiki dakika 17. Seva ikifunga mlango kwa dakika 15 baada ya makosa matano, kazi hiyo hiyo huchukua karibu siku 21, na katika siku hizo msimamizi anayesoma kumbukumbu atakuwa amekwisha kuigundua. Nywila ya herufi nane ndogo zisizopangwa kwa mazoea ina michanganyiko zaidi ya bilioni 208, ambayo kwa kasi ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 600.

Hata hivyo, urefu peke yake hautoshi. Mvamizi haanzi na michanganyiko yote, bali huanza na orodha ya nywila zinazopendwa: jina la ofisi, jina la wilaya, mwaka, au tarakimu zinazofuatana. Nywila 1,000 za aina hiyo humalizika kwa sekunde 100. Wapo pia wanaojaribu nywila moja kwa majina mengi ili kikomo cha makosa kisifikiwe. Kwa hiyo mpimaji hupendekeza hatua ya pili ya uthibitisho, kama vile namba inayotumwa katika simu ya mtumishi, au ufunguo wa kidijitali badala ya nywila.

Mpaka kati ya upimaji na uhalifu

Zana za mpimaji na za mvamizi zinaweza kuwa zile zile. Kinachowatenganisha ni idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila uhalali. Anayetiwa hatiani hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, kwa kuzingatia kiasi kilicho kikubwa, au hufungwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Kijana mwenye kipaji anayetaka kuonesha udhaifu wa mfumo wa umma hana budi kuomba idhini kwanza.

Kwa taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, inayoratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA serikalini. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuzilinda.

Wajibu wa kila mmoja

Mtumishi wa umma, awe katika zahanati ya kijiji au ofisi ya halmashauri, anapaswa kuwa na nywila yake mwenyewe. Nywila moja inapotumiwa na ofisi nzima, kumbukumbu za seva haziwezi kuonesha nani aliingia. Anayehama kituo au kustaafu afungiwe akaunti yake siku hiyo hiyo.

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani na zinahifadhiwaje. Akiona orodha yenye majina ya wagonjwa au ya wanufaika ikizunguka katika makundi ya simu, asiisambaze. Aitaarifu ofisi inayohusika, na asiporidhika, awasilishe malalamiko katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.