BETRI IKIFA, SUMU YAKE HAIFI



Siku hizi nyumba nyingi vijijini zina redio, simu na taa za umeme wa jua. Haya ni maendeleo. Lakini vyombo hivi huchakaa. Je, wewe huvitupa wapi?

Leo tuangalie betri kubwa ya umeme wa jua, iliyo kama betri ya gari. Nyingi kati ya betri hizi zina tindikali na risasi ndani. Tindikali huunguza ngozi na macho. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono michafu. Mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake bado unakua. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Watu wengine hupasua betri na kuyeyusha risasi ili watengeneze chubwi za nyavu. Kazi hii ni ya hatari. Huko Dakar, nchini Senegal, watu wa mtaa wa Thiaroye-sur-Mer walichekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa hapo kwa sumu hiyo.

Kumbuka pia: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Tufanye nini?

1. Usipasue betri. Usimwage maji yake.
2. Usitupe betri shambani, chooni wala karibu na kisima.
3. Iweke wima ndani ya beseni kuukuu la plastiki lisilovuja, mbali na watoto na chakula.
4. Irudishe kwa muuzaji unaponunua mpya. Mwulize kwanza kama anapokea za zamani.
5. Betri ya simu usiitoboe wala usiitie motoni. Huweza kulipuka.
6. Usichome nyaya ili upate shaba. Moshi wake ni sumu.
7. Tindikali ikikumwagikia, osha mara moja kwa maji safi mengi.

Mtoto aliyechezea betri akiumwa tumbo, akilegea au akishikwa na degedege, mpeleke zahanati upesi. Mweleze mganga habari ya betri.

Maswali ya kujadili darasani

1. Risasi huingiaje mwilini?
2. Betri mbovu za kijiji chetu ziko wapi sasa?
3. Nani atazikusanya na kuzipeleka kwa muuzaji?