Kabla Bando Halijaisha

Mtu aliyekulia uswahilini Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kibanda umiza ni nini. Ni chumba chenye mabenchi, televisheni moja iliyopandishwa juu ili walio nyuma nao waone, joto la watu waliobanana, na sauti ya mwanamume mmoja inayotembea juu ya filamu nzima. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya Lufufu. Yeye ndiye aliyewaeleza watazamaji jambazi amesema nini, mama yule wa Kihindi analilia nini, na yule Mchina anamlipizia nani kisasi. Kenya kazi hiyo imefanywa na DJ Afro, naye ana mashabiki wanaoamini kuwa filamu isiyo na sauti yake haijakamilika.

Kibanda sasa kimehamia mfukoni. Netflix ilifunguliwa Afrika Mashariki Januari 2016, siku ileile ilipoingia katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo. Septemba 2021 iliwafungulia Wakenya wenye simu za Android kifurushi cha bure, kisha ikakifunga Novemba 2023. Siku hizi tatizo la mtazamaji si uhaba wa filamu. Tatizo ni kwamba anafungua programu, anapandisha na kushusha kidole, anaona nyuso za watu wenye bastola na za wapenzi wanaoangaliana, na nusu saa inapita hajachagua kitu. Picha hizo pia hazikuwekwa hivihivi. Netflix yenyewe ilieleza mwaka 2017 kwamba filamu moja huonyeshwa kwa picha tofauti kwa watu tofauti, kulingana na walichotazama awali. Aliyezoea mapenzi huoneshwa busu, aliyezoea vichekesho huoneshwa mchekeshaji. Ndiyo maana filamu nzuri kuliko zote zilizomo zinaweza kukaa chini kabisa, mahali kidole hakifiki, mpaka mtu aziandike kwa jina.

Majina hayo yapo, na mengine yana jambo ambalo kibanda umiza hakikuwahi kuwa nalo. Ni filamu za hali halisi ambamo Kiswahili kimo ndani kwa ndani, kinasemwa na watu wenye shida zao, na walimwengu wengine wote ndio wanaolazimika kusoma tafsiri chini ya skrini. Lufufu hahitajiki. Mswahili anasikia mwenyewe.

Kama ni moja tu ya kuanzia, basi iwe Virunga ya mwaka 2014. Mwongozaji wake, Orlando von Einsiedel, ni Mwingereza aliyekwenda mashariki ya Kongo mwaka 2012 akiwa na nia ya kutengeneza filamu ya matumaini: hifadhi ya taifa kongwe kuliko nyingi barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, inafufuka baada ya miaka ya vita. Hakumaliza hata miezi michache, waasi wa M23 wakaanza mapigano. Papo hapo akakuta jambo la pili. Kampuni ya mafuta ya Uingereza, SOCO International, ilikuwa na kibali cha kutafuta mafuta katika eneo linaloingia ndani ya hifadhi hiyo, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979. Filamu ya matumaini ikageuka filamu ya vita na upelelezi, na yeye akaendelea kupiga picha.

Inaanza na mazishi. Askari wa hifadhi wanamzika mwenzao, mmoja kati ya zaidi ya 100 waliokuwa wameuawa wakilinda msitu ule. Baada ya hapo mtazamaji anakutanishwa na watu wanne ambao hatawasahau. Yupo Emmanuel de Merode, mkuu wa hifadhi, Mbelgiji asiyepandisha sauti. Yupo Mélanie Gouby, mwandishi wa habari Mfaransa anayekula chakula cha jioni na watu wa mafuta huku akiwarekodi kwa siri. Yupo Rodrigue Katembo, askari wa hifadhi aliyewahi kuwa askari mtoto, ambaye anavaa kamera iliyofichwa na kwenda kukutana na watu wanaotaka kumnunua. Kampuni ilikanusha tuhuma za rushwa, lakini mtazamaji anayasikia mazungumzo hayo kwa masikio yake.

Wa nne ni André Bauma, na filamu ni yake kuliko ya mwingine yeyote. Kazi yake ni kulea gorila wa milimani walioachwa yatima katika kituo cha Rumangabo. Anawalisha, anawabeba mgongoni, anacheza nao kama baba anavyocheza na wanawe jioni. Jina la mmoja wao, Maisha, halihitaji tafsiri. Vita vinaposogea wengi wanafungasha na kuondoka, yeye anabaki. Mizinga inasikika, gorila wanashtuka, naye yuko nao. Ni mwanamume mmoja na mnyama mwenye hofu, na mkono wake uko juu ya manyoya.

Hapa ndipo sikio la Mswahili linapolipwa. Kifaransa na Kiswahili vinapokezana katika filamu hii, na Kiswahili chenyewe ni cha mashariki ya Kongo, chenye njia zake. Huko watoto ni batoto na wanasema ni banasema. Mtu wa Tanga au Lamu huenda akapishana nacho dakika tano za kwanza, kisha sikio likazoea, na baada ya hapo anapata kitu ambacho maandishi ya chini hayawezi kubeba: heshima katika namna mdogo anavyomjibu mkubwa, uchovu katika sauti ya askari anayetoa taarifa kwenye redio ya upepo, pumzi fupi ya mtu anayechagua neno kwa sababu anaogopa. Tafsiri inampa mtazamaji wa London maana. Sauti inampa wa Kigoma mtu kamili.

Tarehe 15 Aprili 2014 de Merode alipigwa risasi akiwa njiani kutoka Goma, akanusurika. Siku mbili baadaye filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza New York. Juni mwaka huohuo SOCO ilitangaza kwamba inasitisha shughuli zake hifadhini, na mwaka uliofuata filamu ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Oscar. Anayeitazama leo anabeba pia jambo ambalo waliomo hawakulijua. Mmoja wa gorila wale, Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa kichanga aliyeng'ang'ania mwili wa mama yake, alifariki Septemba 2021. Picha zilizoenea duniani zilimwonyesha amelala kifuani kwa Bauma, yule yule.

Baada ya Virunga, The Ivory Game ya mwaka 2016 inatazamwa kwa kasi nyingine. Kief Davidson na Richard Ladkani wameitengeneza kama filamu ya upelelezi, na ndani yake kuna sura ambayo Watanzania wengi wanapaswa kuijua: Elisifa Ngowi, ofisa wa upelelezi anayewasaka majangili usiku, nyumba kwa nyumba, gari kwa gari. Anayetafutwa zaidi ni mtuhumiwa mwenye jina la utani Shetani. Kwa mtazamaji wa Ulaya jina hilo ni sauti tu mpaka aelezwe. Kwa Mswahili linagonga moyo kabla sura haijaonekana. Mtuhumiwa huyo alikamatwa mwaka 2015.

Nambari zilizo nyuma ya filamu hiyo ni za kutisha zaidi ya mbinu zake. Sensa zilizofanywa kutoka angani zilihesabu tembo wapatao 109,000 Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki takriban 43,000. Miaka mitano tu. Aprili 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mwisho wa mwaka huo China ikatangaza kwamba biashara ya ndani ya pembe itafungwa ifikapo mwisho wa 2017. Filamu inafuata mnyororo huo wote, kutoka porini hadi maduka ya Hong Kong, pamoja na mwandishi wa habari wa China, Hongxiang Huang, anayejifanya mnunuzi. Kasoro yake ni haraka. Sehemu ya wakulima wa Kenya wenye hasira, ambao mashamba yao yameliwa na tembo usiku mmoja, ilistahili muda mrefu kuliko iliyopewa, kwa sababu pale ndipo swali gumu lilipo: nani analipa gharama ya kuishi jirani na mnyama ambaye dunia nzima inampenda kwa mbali?

Ya tatu haina Kiswahili hata neno moja, na bado mtu wa pwani ataielewa kwa namna yake. My Octopus Teacher ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Pippa Ehrlich na James Reed, ilishinda Oscar ya filamu ya hali halisi mwaka 2021. Mzamiaji wa Afrika Kusini, Craig Foster, anapiga mbizi kila siku katika False Bay, karibu na Cape Town, bila mtungi wa hewa wala vazi la kukinga baridi, katika maji yanayoweza kushuka hadi nyuzi 8 au 9. Anamfuata pweza jike mmoja kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na maisha hayo ni ya mwaka mmoja na kidogo tu.

Wapo wanaomjua pweza kwa upande mwingine. Wanawake wa Unguja na Pemba hutoka wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mbali, kijiti mkononi, macho yakitafuta shimo la mwambani ambalo mdomo wake umepangwa vijiwe na magamba. Akipatikana hupigwa mpaka alainike, kisha ni supu au ni nazi. Kwa macho hayo, filamu ya Foster ina thamani ya pekee, kwa kuwa inaonyesha kinachotokea ndani ya shimo lile mwindaji akishaondoka. Pweza huyu anakatwa mkono mmoja na papa mdogo mwenye mistari, anarudi shimoni amepauka, na mkono unaota tena. Siku nyingine, papa yuleyule au mwenzake anapomwandama, anajifunika magamba mwili mzima mpaka anakuwa kama jiwe, kisha anahamia mgongoni kwa adui, mahali pekee ambapo meno hayafiki.

Wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, wanaelewa kwa nini umri huo mfupi ni muhimu. Huko wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kwa vile hukua upesi, siku ya kufungua mavuno huonekana waziwazi. Ukitazama filamu ukiwa unajua hilo, mwisho wake, pale pweza anapotaga na kuisha nguvu akilinda mayai, unaacha kuwa huzuni ya Foster peke yake.

Wasiopenda filamu za hali halisi nao wana pa kuingilia. Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa kwa jina la Netflix, ilitoka Julai 2022 ikiwa na vipindi sita. Akisa, mwanamke wa mjini anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini Tsilanga na kukuta kampuni ya madini inaimeza ardhi ya wazazi wake. Wahusika wanaruka kutoka Kiswahili hadi Kiingereza na kurudi, kama Wakenya wanavyozungumza mezani kwao. Kutoka Tanzania ipo Binti ya Seko Shamte, hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam ambao kila mmoja anabeba jambo asiloweza kumwambia mtu. Ina mapengo katika usimulizi, lakini Dar yake ni Dar ya kweli, yenye foleni na ukimya wa ndani ya nyumba. Wenye huduma ya Apple TV na watoto nyumbani waitafute The Elephant Queen ya mwaka 2019, kisa cha Athena, tembo jike anayeongoza familia yake wakati wa ukame katika eneo la Tsavo. Chura, mende wa mavi na kobe wa maji wana nafasi zao ndani yake, na hao ndio watoto watakaowakumbuka.

Limebaki suala la bando, na si dogo. Kwa hesabu za Netflix yenyewe, ubora wa chini hula takriban GB 0.3 kwa saa, ubora wa kawaida GB 0.7, na ubora wa juu (HD) hadi GB 3. Virunga ina dakika 100. Kwa ubora wa chini inamaliza nusu GB, kwa ubora wa juu inaweza kumeza GB 5, yaani filamu ileile kwa gharama mara kumi. Mpangilio huo uko kwenye akaunti na kwenye programu ya simu, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuugusa. Njia ya nafuu zaidi ni kupakua filamu penye Wi-Fi, ofisini au kwa jirani mwema, na kuitazama baadaye bila intaneti kabisa.

Kama kuna moja ya kutumia GB zote tatu za saa, ni ile ya pweza, kwa sababu rangi ya ngozi yake inayobadilika kwa sekunde ndiyo filamu yenyewe. Virunga inaweza kutazamwa kwa picha ndogo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ila itafutiwe spika za masikioni zilizo nzuri, na Bauma anapozungumza na wanyama wake, maandishi ya chini yazimwe.